Soko likilegea, hati ndiyo inayouza nyumba

Ukipita Kira, Namugongo au Kyaliwajjala, viungani mwa Kampala, utaona kuta zilizoandikwa kwa rangi nyekundu kwamba nyumba hii haiuzwi. Mgeni hushangaa kwa nini mtu atangaze kitu asichouza. Mwenyeji haulizi, maana anajua kuna watu wanaoweza kuuza nyumba yako ukiwa kazini, wakapokea pesa na kutoweka. Siku hizi, hatua chache kutoka ukuta kama huo, utakuta mwingine wenye kibao cha "inauzwa", na kibao kimekaa mpaka jua limekipausha.

Wenye vibao hivyo vilivyopauka ndio wanaofika kila wiki ofisini kwetu Bweyogerere, tunakouza nyumba na viwanja. Wengi wao tunaongea nao Kiswahili: waliorudi kutoka Nairobi na Mombasa, maafande waliostaafu, wafanyabiashara kutoka upande wa Kongo, watu wa West Nile waliojenga huku na sasa wanataka kurudi kwao. Swali lao ni moja. Nyumba ni nzuri, mbona haiuziki?

Miaka ya nyuma mnunuzi alikuwa na haraka. Lami ikisogea, au kukiwa na fununu kwamba itasogea, watu walikimbilia viwanja na aliyechelewa wiki moja alikuta bei imepanda. Barabara ya mwendokasi ya Kampala kwenda Entebbe ilipofunguliwa mwaka 2018, tulikuwa na wateja waliolipa kabla hata ya kuona mawe ya mpaka. Leo viwanja vimekatwakatwa hadi Gayaza, Matugga na kuvuka Seeta, kwa hiyo mnunuzi ana pa kuchagua. Mkopo nao ni ghali. Benki Kuu ilishusha riba yake hadi asilimia 9.75 Oktoba 2024, lakini riba anayotozwa mtu wa kawaida kwa mkopo wa nyumba wa shilingi iko juu zaidi ya hapo. Anayekopa kwa riba hiyo hakurupuki. Anakuja na mwanasheria, na mwanasheria haanzi na vigae wala jiko. Anaomba hati.

Kuna mama mmoja mjane aliyekuja kwetu baada ya nyumba yake kukaa sokoni miezi minane. Wanunuzi watatu walikuwa wameipenda, na wote watatu walikaa kimya baadaye bila kusema kwa nini. Tulimwomba atuonyeshe hati. Akaitoa kwenye bahasha ya kaki iliyokuwa ndani ya mfuko wa nailoni, uliokuwa ndani ya mfuko mwingine. Ilikuwa safi, haina hata kunyanzi. Kwenye ukurasa wa mmiliki kulikuwa na jina la marehemu mumewe, aliyefariki miaka sita nyuma. Hakuna aliyekuwa amemweleza mama yule kwamba mtu aliyefariki hawezi kutia saini ya kuhamisha ardhi, na kwamba hata yeye mke, aliyebeba mchanga wa nyumba ile kichwani, hana mamlaka ya kuiuza mpaka mahakama impe barua za usimamizi wa mirathi.

Ilibidi tuanze mwanzo: cheti cha kifo, kikao cha familia, ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi ya serikali ili kupata cheti cha kutokuwa na pingamizi, kisha mahakamani, kisha ofisi ya ardhi ili jina lake lisajiliwe kama msimamizi. Muda huo wote nyumba haikuweza kuuzwa. Kama hati yako ina jina la baba au babu aliyekwishafariki, usisubiri mnunuzi ndipo uanze safari hiyo. Anza sasa. Na kama barua za mirathi unazo tangu zamani, angalia tarehe, kwa sababu marekebisho ya sheria ya mirathi ya mwaka 2022 yameziwekea muda wa miaka miwili, na ukipita inabidi urudi mahakamani kuomba nyongeza.

Jambo la pili ni kujua unauza nini hasa. Katiba ya 1995 inatambua aina nne za umiliki: wa kimila, frihodi (umiliki wa kudumu), mailo na lizi (kupangishwa ardhi kwa miaka maalumu). Hapa Buganda sehemu kubwa ni mailo, mfumo uliotokana na Mkataba wa Buganda wa 1900, na juu ya mailo kuna watu wa vibanja, yaani wenye haki ya kukaa kwenye ardhi ambayo hati yake ni ya mtu mwingine. Nyumba mbili zinazofanana, za bati la rangi moja, zikitazamana barabarani, zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa sokoni: moja ina hati, nyingine imekaa juu ya kibanja. Benki itakopesha kwa ile ya kwanza. Kwa ya pili mara nyingi inabidi mnunuzi awe na pesa mkononi. Ndiyo maana bei zake haziwezi kulingana, hata kama yenye kibanja ina vyumba vingi zaidi.

Kibanja kinauzika, na kinauzika kihalali. Lakini Sheria ya Ardhi ya 1998, ilivyorekebishwa mwaka 2010, inamtaka mwenye kibanja ampe mwenye ardhi nafasi ya kwanza ya kununua. Ukiruka hatua hiyo mauzo ni batili, na wewe muuzaji umetenda kosa la jinai. Tumeona watu wakiandikiana mkataba mbele ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, muhuri umegongwa, picha zimepigwa, kila mtu amekula soda, halafu mwenye ardhi anatokea na kusema hamjui mnunuzi. Muhuri wa LC1 unashuhudia kwamba mlikubaliana. Hauchukui nafasi ya ridhaa ya mwenye ardhi. Kwa hiyo nenda kwake mapema, na risiti zako za busuulu, ile kodi ya ardhi ya kila mwaka, umwambie unataka kuuza. Akikataa kununua, aandike. Mnunuzi naye apelekwe akatambulishwe, atoe kanzu yake, zawadi ya kumtambua mwenye ardhi, kama desturi inavyotaka, na apewe barua ya kukubaliwa. Kibanja chenye barua hiyo tunakiuza haraka kuliko hati nyingi zenye ugomvi.

Sheria hiyo inambana pia mwenye ardhi. Ukiuza mailo yenye watu wa vibanja, wao ndio wanaostahili kuulizwa kwanza, na anayenunua hati anaipokea pamoja na watu waliomo. Anayekuahidi kwamba "hao tutawaondoa" anakuuzia kesi.

Kwa ndugu zetu Wakenya, Watanzania na Wakongo tunasema hivi mapema, kabla hata ya kwenda kuona nyumba. Jumuiya ya Afrika Mashariki haijabadilisha kanuni hii: asiye raia wa Uganda hawezi kumiliki mailo wala frihodi. Anaweza kuchukua lizi isiyozidi miaka 99. Ukiipenda nyumba iliyo kwenye mailo, mazungumzo yawe ya mwenye ardhi kukukatia lizi na lizi hiyo isajiliwe kwa jina lako. Tafadhali usimtafute rafiki raia akushikie hati kwa jina lake. Tumewaona watu waliopoteza kila kitu kwa njia hiyo, na urafiki pia.

Wenye lizi nao wahesabu miaka. Lizi ya miaka 49 iliyoanza 1990 inaisha 2039. Mnunuzi wa leo anajenga maisha ya watoto wake juu ya miaka hiyo michache, na benki inaihesabu pia. Ni afadhali muuzaji aanze kuomba nyongeza kabla ya kutangaza nyumba.

Sasa mipaka. Huku kila mtu anauza "hamsini kwa mia", na kila tangazo linasema desimali 12. Fanya hesabu. Futi 50 kwa 100 ni futi za mraba 5,000, na desimali moja, sehemu ya mia ya ekari, ni futi za mraba 435.6, kwa hiyo kiwanja kizima ni desimali 11 na nusu hivi. Nusu desimali inaonekana ndogo mpaka siku mnunuzi analeta mpima ardhi wake kufungua mipaka na kukuta pungufu, na uaminifu wote unaondoka hapo hapo. Mwaka jana tulisimama na muuzaji mmoja nyuma ya nyumba yake, mpima akasogea hatua tatu ndani ya ua wa jirani, akafukua kwa jembe, na jiwe la mpaka likaonekana chini ya mgomba. Jirani alikuwa amepanda pale akijua ni kwake. Kwa bahati walikuwa watu wanaosalimiana, yakaisha siku ile ile kwa kukaa na kuongea. Wangekuwa na chuki za zamani, mauzo yangekufa. Fungua mipaka kabla, kwa gharama yako, ukiwa huna haraka na jirani akiwepo.

Bondeni tunakuwa wakali zaidi. Mwaka 2024 NEMA, mamlaka ya mazingira, ilibomoa nyumba nyingi katika ardhioevu ya Lubigi, na picha zile bado wanunuzi wanazo kichwani. Kama kiwanja chako kinapakana na mafunjo au maji husimama uani kila msimu wa mvua, tutauliza maswali mengi, na kama ni ardhioevu hatutaiuza. Hati peke yake haitoshi kukulinda hapo.

Bei ndiyo inayoleta ugomvi kati yetu na wateja, kwa hiyo nitasema wazi. Muuzaji hujumlisha saruji, nondo, mabati na mafundi, akaongeza na jasho lake, akapata bei. Mnunuzi hajali ulitumia kiasi gani. Anaangalia nyumba nyingine tatu alizoziona Jumamosi iliyopita. Sisi tunapanga bei kwa kuangalia nyumba zilizouzwa kweli karibu na hapo. Zilizotangazwa tu hatuzihesabu. Tunaangalia umbali kutoka lami, hali ya barabara ya murram wakati wa mvua, ukubwa halisi wa kiwanja, na aina ya umiliki. Halafu kuna suala la cha juu. Ukimpa nyumba dalali mmoja, naye akampa mwenzake, na mwenzake akaweka kwenye makundi ya WhatsApp, kila mmoja anaongeza chake. Mnunuzi anaiona nyumba moja kwa bei tatu tofauti na anaamua kwamba mwenye nyumba ni tapeli. Wewe hujui lolote, unashangaa tu kibao kinapauka. Wape watu wachache, bei moja, iliyoandikwa, na malipo ya dalali yajulikane tangu siku ya kwanza.

Usiuze mwezi wa ada kama unaweza kuvumilia. Mwezi wa pili, wa tano na wa tisa wanunuzi wazoefu huzunguka wakiwatafuta wazazi waliobanwa, na hawaoni haya kutaja nusu ya bei.

Mnunuzi akipatikana, kuna hatua ambazo haturuki hata kama pande zote mbili ni marafiki. Tunafanya upekuzi kwenye ofisi ya kanda ya Wizara ya Ardhi, kwa namba ya bloku na kiwanja kama ni mailo, kuona jina lililosajiliwa na kama kuna zuio au rehani. Ukweli uko kwenye rejista. Karatasi uliyoishika inaweza kughushiwa, na tumewahi kushika moja iliyoghushiwa vizuri sana. Kama familia inaishi hapo, mume au mke lazima aridhie kwa maandishi, na ridhaa hiyo sisi tunaisikia kwa masikio yetu. Tulishakaa sebuleni na mzee mmoja aliyetuambia mama hana neno, tukaomba mama aitwe, naye akasema kwa upole kwamba habari za kuuza ndiyo kwanza anazisikia. Tuliaga tukaondoka. Ushuru wa stempu wa kuhamisha ni asilimia 1.5 ya thamani anayoipitisha mthamini wa serikali, kwa hiyo nyumba ya thamani ya milioni 300 inadaiwa milioni 4.5. Kwa kawaida mnunuzi ndiye hulipa, lakini mkubaliane kwenye mkataba. Deni la maji limalizwe na namba ya mita ya Yaka, umeme wa kulipia kabla, iandikwe humo, ili asiyekuwepo asije kudaiwa.

Mama yule mjane aliuza. Alipata kidogo chini ya alichotaka mwanzoni, lakini kwa malipo mawili tu, kutoka kwa mnunuzi aliyekopa benki, na benki ilipitisha hati bila swali.

Ukitaka tukuangalizie yako, njoo ofisini siku yoyote isipokuwa Jumapili. Leta nakala ya hati au mkataba wa kibanja, risiti za busuulu kama zipo, na kitambulisho cha taifa. Mwenzi wako wa ndoa aje pia. Hati halisi iache nyumbani, wala usimwachie mtu yeyote, sisi tukiwemo, mpaka siku ya kutia saini mbele ya mwanasheria.