Barua kwa mwanangu: bibi alikohoa, daktari akapima moyo

Mwanangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Huku Tanga sote hatujambo, hofu ni kwako tu uliye mbali. Bibi yako anaendelea vizuri, alhamdulillahi, nitakueleza.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeuliza: bibi alikuwa anakohoa, hataki chakula, miguu imevimba, iweje daktari aseme ugonjwa ni wa moyo? Kukohoa si mapafu? Kukataa chakula si tumbo? Umesema tena kwamba darasani mmesoma mmeng'enyo wa chakula, mzunguko wa damu na upumuaji kama mada tatu, na kila moja mmeifanyia jaribio lake.

Mimi si mwalimu, mama. Lakini nina miaka 20 kwenye kazi hii ya nyama, na ndani ya mbuzi sijawahi kukuta mada tatu. Ukivuta koromeo, mapupu yanakuja nalo, moyo umekaa katikati yake, na chini ya kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo, ini limeshikana na mshipa uleule unaopanda kwenda moyoni. Kwa hiyo wewe soma kwa Kiingereza cha shule, mimi nikueleze kwa Kiswahili cha buchani.

Anza na moyo. Wa mbuzi na wa binadamu hapa havina tofauti kubwa: vyumba vinne, viwili juu, viwili chini. Nikiupasua na kuusuuza damu, chumba cha chini upande wa kushoto ukuta wake ni mnene, mgumu, kisu kinausikia. Cha kulia ni chembamba, ukikibonyeza kinalegea. Nilikata mioyo miaka mingi bila kujiuliza kwa nini. Sababu ni safari. Upande wa kulia unasukuma damu hapo jirani tu, mapafuni. Wa kushoto unasukuma mpaka utosini na mpaka kwenye nyayo.

Na ule ukuta wa katikati, angalia vizuri, hauna tundu. Zamani sana tabibu Galen alifundisha kwamba damu hupenya humo kwa vitundu visivyoonekana, na watu wakaamini kwa zaidi ya miaka 1,000. Aliyekataa ni Ibn al-Nafis, mzaliwa wa Dameski aliyefanya kazi Cairo. Karne ya 13 aliandika kwamba ukuta ule ni mzima, kwa hiyo damu ya kulia haina njia ila ipite mapafuni ichanganyike na hewa ndipo irudi kushoto. William Harvey wa Uingereza, ambaye bila shaka yumo kwenye kitabu chako, alichapisha maelezo ya mzunguko wote mwaka 1628. Napenda umjue na huyu wa kwanza.

Sasa mapafu. Unakumbuka ulipokuwa mdogo ulivyoshangaa mapupu kuelea kwenye ndoo? Ni kwa sababu yamejaa hewa. Ndani yake kuna vifuko vidogo vya hewa, kwa mtu mzima vinahesabiwa kwa mamia ya milioni, na kila kifuko kimezungukwa na vishipa vyembamba mno. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 hivi, tunayotoa ina kama 16. Kilichopungua kimeingia kwenye damu, na damu nayo imetua mzigo wake wa kabonidayoksaidi.

Haya, bibi. Ana presha ya siku nyingi, na wewe unajua alivyokuwa anaacha vidonge akijisikia nafuu. Kwa miaka yote hiyo chumba cha kushoto kilikuwa kinasukuma damu kama mtu anayepandisha mkokoteni mlimani. Kikachoka. Kikichoka, damu inayotoka mapafuni inakosa pa kuingia, inasongamana nyuma, na maji yake yanachuruzika kwenye vile vifuko vya hewa. Akilala chali, maji yaliyokuwa yametuama miguuni nayo yanarudi kifuani. Ndiyo maana alikuwa anakohoa usiku na kukaa dirishani akitafuta pumzi, mchana anakuwa afadhali. Mimi nikamnunulia dawa ya kifua wiki tatu mfululizo. Dukani hawakuniuliza kitu, nami sikuuliza. Hilo linaniuma mpaka leo.

Na chakula? Tonge la ugali linaanza kulainishwa na mate, linashuka kwenye umio, tumboni linakutana na asidi, halafu linaingia utumbo mwembamba, ambao kwa mtu mzima ni mita 6 hivi. Humo nyongo na maji ya kongosho yanamaliza kazi. Ukuta wa ndani una vinyweleo, vidogo kuliko vile vya taulo unayoisugua ukija likizo (taulo ni tumbo la mbuzi, vya kwetu viko kwenye utumbo). Vinyweleo ndivyo vinavyonyonya chakula na kukitia kwenye damu. Damu hiyo haiendi moyoni moja kwa moja. Inapita kwanza kwenye ini, kikaguliwe kila kilichomo, ndipo ipande.

Upande wa kulia wa moyo wa bibi nao ulipolemewa, foleni ikafika huku chini. Ini likavimba, utumbo ukavimba, matonge mawili tu anasema ameshiba. Daktari alipombonyeza chini ya mbavu za kulia alipiga ukelele. Alipombonyeza kwenye muundi, kidole kiliacha shimo ambalo halikurudi upesi.

Uliuliza pia kwa nini kutoka chumbani mpaka uani kunamchosha. Hili ndilo ningependa ulishike, mama. Tonge na pumzi havikutani tumboni wala kifuani. Vinakutana kwenye msuli wa mguu, kwenye ubongo, ndani ya kila seli. Sukari iliyotoka kwenye ugali inaunguzwa kwa oksijeni, nguvu inapatikana, inabaki kabonidayoksaidi na maji. Sukari na oksijeni, vyote viwili vinaletwa na damu, na taka inaondolewa na damu hiyohiyo. Damu ikienda polepole, mtu anaweza kula na kupumua na bado mguu ukakosa nguvu.

Amepewa dawa ya kukojoza ili maji ya ziada yatoke, pamoja na vidonge vya presha vya kila siku. Chumvi amepunguziwa sana, kwa sababu chumvi inashikilia maji mwilini. Analalamika mchuzi hauna ladha, mama yako anaongeza ndimu na tangawizi. Vidonge namhesabia mimi mwenyewe kila asubuhi kabla sijaenda kufungua bucha.

Ukifunga shule nitakuwekea moyo mmoja mzima na mapupu yake, bila kuyakata, uyafungue kwa mkono wako.

Mwezi uliopita bibi alikuwa analala ameketi. Jana amelala na mito miwili, hakukohoa mpaka adhana ya alfajiri. Anakusalimu sana, anauliza kama shuleni wanakupa maziwa.

Baba yako