Umbali wa ndege kaskazini haupimwi kwa rula

Mhariri,

Wasomaji wengi hukadiria muda wa safari ya ndege kwa kupima ramani kwa rula, kisha kugawanya umbali kwa kasi. Kwa viwanja vilivyo karibu na Ncha ya Kaskazini, njia hiyo hupotosha mara mbili.

Chukua Tromsø, kaskazini mwa Norwei, na Longyearbyen katika visiwa vya Svalbard, ambako uwanja ulifunguliwa mwaka 1975 juu ya ardhi iliyoganda daima. Hapa Kisumu, karibu kabisa na ikweta, digrii moja ya longitudo ni takriban kilomita 111, lakini kwenye digrii 78 za latitudo hubaki kama kilomita 23, kwa kuwa mistari hiyo hukaribiana inapoelekea nchani. Ramani bapa iliyozoeleka, ambayo ingali imebandikwa katika madarasa mengi ya kwetu, huitanua ardhi ya huko hata Svalbard ikaonekana kubwa kuliko Kenya, ilhali Kenya inaizidi zaidi ya mara tisa. Umbali halisi kati ya viwanja hivyo viwili, ukifuata mviringo wa dunia, ni kilomita 960 hivi.

Kwa kasi ya kilomita 800 kwa saa, hesabu inatoa dakika 72. Ratiba, hata hivyo, huonyesha saa moja na nusu au zaidi, kwa sababu hujumuisha mwendo wa ndege ardhini, kupaa na kushuka. Abiria anayeunganisha safari na afuate ratiba, hasa akitoka Svalbard, ambako hakuna barabara ya kufika bara.

Mwalimu wa jiografia,
Kisumu