Watoto wa awali walinganishe vitu kwanza, alama zifuate

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna tunavyowafundisha watoto wa darasa la awali kulinganisha idadi ya vitu, jambo ambalo wengi huliona dogo ilhali hesabu za kutoa zinazokuja baadaye hulitegemea.

Katika madarasa mengi mtoto huimba namba kuanzia moja bila kukwama, kisha hupewa daftari ajaze alama za "kubwa kuliko" na "ndogo kuliko" kati ya namba alizoandikiwa. Sasa mpangie mtoto huyo huyo visoda sita mezani, na chini yake sita vingine, kila kimoja kikitazamana na mwenzake. Atasema viko sawa. Tanua safu ya chini mbele ya macho yake, bila kuongeza wala kupunguza kitu, na watoto wengi wa miaka minne au mitano watasema kwamba safu hiyo sasa ina visoda vingi zaidi. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alilieleza jambo hili katika kitabu cha mwaka 1941, na mwalimu yeyote anaweza kulishuhudia darasani kwake kesho. Mtoto hakosei kwa uzembe, bali anaangalia urefu wa safu badala ya idadi, na kumrudisha kwenye wimbo wa namba hakumsaidii hata kidogo.

Kinachomsaidia ni kuoanisha kimoja kwa kimoja. Apewe vikombe vitano na vijiko saba, aweke kijiko kimoja katika kila kikombe, na vijiko vitakapokosa vikombe ataona mwenyewe kipi ni kingi. Hapo aulizwe swali tunalolisahau mara nyingi: vimezidi vingapi? Aliyekwisha kuvishika mkononi vile viwili vilivyobaki hatababaika atakapokutana na saba kutoa tano.

Wazazi nao wana nafasi yao. Sokoni, fungu la nyanya kubwa nne na fungu la nyanya ndogo saba huweza kuuzwa bei moja, na mtoto akiulizwa lipi lina nyanya nyingi, huenda akaonyesha lile la nyanya kubwa. Mkifika nyumbani, mwacheni azipange moja moja kutoka kila fungu mpaka moja liishe.

Sipuuzi ugumu uliopo, kwani tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016, madarasa ya awali katika shule nyingi za serikali yamejaa. Lakini visoda, vijiti na mbegu za ubuyu havinunuliwi, na watoto wanaweza kufanya kazi wawili wawili. Kikwazo kikubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni daftari: mzazi anataka kuona vema za kalamu nyekundu, mwalimu mkuu anataka kuona kazi zilizosahihishwa, na kazi ya visoda haibaki kwenye karatasi.

Nawaomba basi walimu wakuu na wathibiti ubora wa shule, wanapoingia darasa la awali, kabla ya kufungua madaftari wakae na mtoto mmoja au wawili, wawawekee mafungu mawili ya mbegu na kuwauliza lipi limezidi, limezidi kwa ngapi, na wamejuaje. Alama za kulinganisha zisubiri mpaka watoto waweze kujibu maswali hayo.

Mwalimu wa darasa la awali,
Morogoro.