Barua ya wazi kwa Gavana wa Nairobi kuhusu mnara wa Galton-Fenzi

Kwa Mheshimiwa Gavana,
Kaunti ya Jiji la Nairobi.

YAH: OMBI LA KIBAO CHA MAELEZO

Kwa heshima na taadhima, ninakuandikia kuhusu mnara wa mawe ulio kando ya Barabara ya Kenyatta, inapokutana na Mtaa wa Koinange. Wengi wetu huupita mbio tukiwahi matatu, na ni nadra kumwona mtu akisimama kusoma umbali wa miji uliochongwa juu yake.

Mnara huo ulijengwa mwaka 1939 kumkumbuka Lionel Douglas Galton-Fenzi, aliyeanzisha hapa Nairobi, mwaka 1919, chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, ambacho ndicho chimbuko la AA ya Kenya tunayoijua leo. Siku hizo msafiri wa Mombasa alipanda treni, kwa kuwa barabara ya magari ya kumfikisha pwani haikuwapo. Mwaka 1926 Galton-Fenzi na mwenzake, Kapteni Gethin, walitoka Nairobi kwa gari aina ya Riley wakapenya porini hadi Mombasa, mwendo ambao basi la usiku sasa huumaliza kabla ya alfajiri. Ujasiri huo siubezi, na sioni sababu ya kuung'oa mnara huu kama ilivyong'olewa sanamu ya mlowezi Delamere.

Hata hivyo, Mheshimiwa, habari hiyo ni nusu tu. Chama kile kilizaliwa miongoni mwa walowezi, watu waliokuwa na magari na uhuru wa kwenda watakako, katika kipindi kilekile ambacho sheria ya kipande, iliyopitishwa mwaka 1915, ilianza kutekelezwa, na mwanamume Mwafrika akalazimika kutembea na cheti chake kila aendako. Anayeutazama mnara leo haelezwi lolote kuhusu jambo hilo.

Ninachoomba si kikubwa. Katika barabara hiyohiyo ipo sanamu ya askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, iliyowekwa mwaka 1928, na hata serikali ya kikoloni, ambayo haikuwa na mazoea ya kumjali mwenyeji, iliiandikia maneno ya Kiswahili. Kama wao waliliona hilo, sisi tunashindwa na nini?

Ninaiomba ofisi yako, ikishirikiana na Makumbusho ya Taifa, iweke kando ya mnara kibao cha Kiswahili kitakachoeleza chama kilianzishwa lini, na nani, kwa manufaa ya nani, na safari ya mwaka 1926 ilikuwaje. Maandishi ya zamani yaachwe yalivyo. Kibao kiwekwe upande wa wapita njia, kwa kimo ambacho mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kukisoma bila kunyanyuliwa.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa Nairobi