Pomboo Wasubiri, Anza na Kauri

Malindi

Mwanangu Salim,

Waalaykum salaam. Barua yako nimeipata, na habari ya kuja na wenzako watatu Disemba imenifurahisha. Magodoro yapo, samaki hawakosekani. Lakini hilo la kuwapeleka kutazama pomboo siku ya kwanza nalikataa. Pomboo hana miadi na mtu. Mtazunguka na boti asubuhi nzima, mrudi mmetapika, na huyo rafiki yako wa Nyeri asitake kusikia bahari tena.

Anzeni mwambani. Pangeni safari muwahi bamvua la mwezi mpevu, maana siku hizo maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi. Wavae viatu, mwamba unakata. Kisha watafute kidimbwi, wachuchumae, wanyamaze. Huo mtihani wa kunyamaza ndio mgumu. Kauri, yule konokono wa baharini, akiona hapana ghasia hutoa ngozi yake laini, akajifunika nayo gamba zima kama mtu aliyejitanda buibui. Ngozi hiyo ndiyo inayolijenga gamba na kulifanya ling'ae vile. Ukimgusa tu, inarudi ndani.

Wakiona hivyo hawatataka kumtia mfukoni. Mimi sikuonyeshwa na mtu. Nilipokuwa na miaka tisa nilimchukua mmoja mzima mzima, nikamficha chini ya kitanda. Siku ya tatu bibi yako alikuwa juu ya ngazi akitafuta panya aliyefia darini.

Kesho yake mjomba wako atawachukua kwa boti ya kioo hadi ndani ya hifadhi ya bahari. Imelindwa tangu 1968, huvui humo wala huokoti hata kombe, na ndiyo maana samaki wake hawatukimbii. Mwambie awaonyeshe pono. Unakumbuka nilivyokuita pono kila asubuhi ya shule? Basi wako pono ambao wakilala usiku hujitolea ute, wakajifunika mwili mzima kama chandarua, humo wakalala fofofo mpaka alfajiri. Wewe ulikuwa na shuka tu.

Mkiingia majini sikilizeni: kwa, kwa, kwa. Ni meno ya pono, yaliyoungana kama mdomo wa kasuku, yanakwangua mwani juu ya mwamba. Jiwe analolimeza hulisaga, likatokea nyuma likiwa mchanga mweupe. Hilo waambie wakiwa wamekwisha jilaza ufukweni, si kabla. Na wale wa kahawia aghalabu ni majike. Baadhi yao baadaye hugeuka madume, wakavaa kijani na samawati. Najua mtacheka. Chekeni.

Ila mvua za vuli zikichelewa kuisha, mto Sabaki utatumwagia maji mekundu, na kwenye kioo hamtaona kitu. Udongo huo ukituama juu ya matumbawe huyadhuru, kwa hiyo wasidhani ni uchafu wa kupita tu. Siku kama hiyo tutakaa mchangani jioni tutazame kaa wakitoka mashimoni. Nao wanataka kimya.

Pomboo, wakijaaliwa, watawaona njiani.

Niandikie namba za viatu vya wenzako nikatafute vya plastiki sokoni. Vyako vya mwaka jana bado viko nyuma ya mlango, sijui kama miguu ingali inaingia.

Mama yako