Louisa Jordan astahili nafasi Siku ya Wauguzi

Ndugu Mhariri,

Kila inapokaribia tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, magazeti yetu huandika habari za Florence Nightingale, naye anastahili. Ninaomba safari hii mumtengee nafasi pia Louisa Jordan wa Scotland, kwa sababu maisha yake yanaonyesha jambo ambalo sherehe za mishumaa na viapo hulipita haraka, yaani kwamba muuguzi anaweza kuuawa na ugonjwa uleule anaouuguza.

Louisa alizaliwa Glasgow mwaka 1878. Alipata kufanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa homa za kuambukiza, kisha akawa muuguzi wa kuwatembelea wagonjwa majumbani huko Buckhaven, Fife. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, Daktari Elsie Inglis alijitolea kwa jeshi la Uingereza, akajibiwa arudi nyumbani akatulie. Hakutulia. Alianzisha hospitali zilizoendeshwa na wanawake, zikapokewa na nchi washirika, zikiwemo Ufaransa na Serbia. Desemba mwaka huohuo Louisa alijiandikisha katika hospitali hizo na kusafiri kwenda Serbia.

Mji aliopangiwa, Kragujevac, ulikuwa umefurika majeruhi. Serbia ilikuwa imetoka kuyarudisha nyuma majeshi ya Austria-Hungaria, ikabaki na askari wake walioumia pamoja na maelfu ya mateka, wote wamelazwa kwa kubanana, wengi wakiwa na nguo zilezile walizotoka nazo vitani. Katika hali hiyo ndipo taifasi iliposambaa. Ugonjwa huu, ambao ni tofauti kabisa na taifodi tuliyoizoea, huenezwa na chawa wa mwilini, kama mtafiti Mfaransa Charles Nicolle alivyokwisha kubaini huko Tunis mwaka 1909. Lakini muuguzi ambaye kazi yake ni kumvua mgonjwa nguo, kumwosha na kumgeuza kitandani hana namna ya kukaa mbali naye. Dawa ya kuuponya haikuwepo. Kilichoweza kumvusha mgonjwa ni uuguzi wenyewe: kupoza joto lake, kumnywesha kidogo kidogo na kukesha naye anapoweweseka. Zaidi ya watu 150,000 walikufa nchini Serbia katika mlipuko huo, na kati ya madaktari wapatao 400 waliokuwepo, zaidi ya 100 walipoteza maisha.

Katika mji huohuo alikuwepo Daktari Elizabeth Ross, naye Mskoti, aliyejitolea kuwatibu wagonjwa wa taifasi katika hospitali ya Waserbia. Alipoambukizwa, Louisa alikuwa miongoni mwa waliomuuguza. Daktari Ross alifariki tarehe 14 Februari 1915, siku aliyotimiza miaka 37. Louisa mwenyewe akashikwa na homa hiyo, akafariki tarehe 6 Machi akiwa na miaka 36, na siku mbili baadaye mwenzake Madge Neill Fraser naye akafariki.

Sipendi wauguzi wa namna hii waelezwe kama watu waliosukumwa na huruma tu. Louisa alizijua homa za kuambukiza kwa sababu alikwisha kuziuguza, kwa hiyo alipokaa kando ya kitanda cha Daktari Ross alielewa vizuri anajiweka katika hatari gani. Ujuzi huo ndio unaoufanya uamuzi wake uwe mzito.

Wala habari hii haiko mbali nasi. Mwaka 2000, hospitali ya Lacor huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, ilikabiliwa na Ebola wakati eneo lile likiwa katika vita. Wauguzi walijitolea kuingia katika wadi ya waliotengwa, na baadhi yao wakafa, kama alivyokufa mkuu wao, Daktari Matthew Lukwiya.

Kragujevac humkumbuka Daktari Ross kila tarehe 14 Februari. Mwaka 2020 Scotland iliipa hospitali ya muda ya UVIKO-19 mjini Glasgow jina la Louisa Jordan. Kwetu, wahudumu waliokufa kwa maradhi waliyoyapata wadini hutajwa siku ya mazishi, kisha majina yao hubaki kwa ndugu na wafanyakazi wenzao. Gazeti lenu lina uwezo wa kuzitafuta familia hizo na, kwa ridhaa yao, kuyachapisha majina hayo tarehe 12 Mei pamoja na habari za Louisa. Ninaomba mfanye hivyo mwaka huu.

Muuguzi mstaafu,
Morogoro