Bao la babu yako tumelirudisha barazani

Ujiji, Kigoma

Mwanangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Mimi ni mzima, bibi yako naye mzima ila miguu inamsumbua jioni. Nyumba imeanza kutulia baada ya arobaini. Mikeka ya watu tumeirudisha, yamebaki masufuria mawili ya jirani, kesho nitayapeleka.

Usiku ule wa hitma ulipopiga simu kutoka Mtwara ukaniomba nikuwekee bao la babu, nilikujibu "tutaona" tu. Nyumba ilikuwa imejaa watu na sikuwa na nguvu za maelezo. Sasa nakujibu. Bao sitakutumia. Tumelirudisha barazani chini ya mwembe, na ninakuandikia kwa urefu kwa sababu sitaki ukae huko ukidhani mama yako amekunyima urithi.

Uliniambia na neno jingine ambalo halijanitoka. Ulisema wewe babu ulimjua akiwa mzee asiyeona, mkimya, amekaa kwenye kiti chake, na uliposikiliza kwenye simu yale yaliyosemwa siku ya maziko ulihisi wanamtaja mtu mwingine kabisa. Mwanangu, hata mimi niliyelelewa naye niliona wameeleza nusu. Walieleza safari zake. Kila aliyesimama alitaja ziwa, meli na miji ya nje.

Na ni kweli alitembea. Aliingia kwenye meli ya Liemba akiwa kijana wa kufuta mafuta na kupaka grisi, meli ingali ya mvuke, akatoka akiwa fundi wa injini za dizeli. Enzi hizo Jumatano jioni meli iling'oa nanga Kigoma, ikashuka kusini, Kalya, Ikola, Karema, Kipili, Kasanga, na Ijumaa asubuhi ilikuwa Mpulungu, Zambia. Vituo vingi havikuwa na gati. Mitumbwi iliifuata meli katikati ya maji, usiku wa manane, watu wakapandishwa na kushushwa na magunia yao ya dagaa na kuku wao. Alifika Kalemie, alifika Bujumbura, alifika Uvira. Kila alikoshuka alitafuta kwanza mahali wazee wanapocheza bao. Zambia akakuta nsolo, Kongo akakuta kisolo, na sisi hapa tunajua Wanyamwezi na Wasukuma wana isolo yao. Alifurahia sana majina hayo kufanana. Alikuwa akisema ziwa hili limetugawa kwa maji tu, vidole vyetu ni vya ukoo mmoja.

Kisa alichokipenda kuliko vyote ni cha hiyo meli yenyewe. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikavuka bahari, ikaletwa kwa reli hadi huku, ikaundwa upya Kigoma na kuingizwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaizamisha wenyewe ili isiangukie mikononi mwa adui. Lakini mafundi walipopewa amri ile, walizipaka injini grisi nzito kwanza. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 ilifaa kutengenezwa, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Baba alikisimulia kisa hicho hadi watoto tukakijua kwa moyo, na kila mara akifika kwenye grisi alinyamaza kidogo. "Umeambiwa uzamishe, unapaka grisi," alisema. "Huyo ndiye fundi."

Sasa nikueleze ambalo sikuwahi kukueleza. Mimi nililichukia lile bao.

Baba akirudi ziwani, sisi tumemngoja siku nyingi, anaoga, anakula ugali wake kwa mgebuka wa mawese, anatuuliza habari za shule, kisha alasiri anachukua kanzu anakwenda barazani hadi magharibi. Nilikuwa darasa la tatu. Siku moja nilimfuata nyuma nyuma, nikasimama mbali chini ya mwembe nikilia kwa hasira. Aliponiona hakunifukuza wala hakunigombeza, ingawa pale hapakuwa mahali pa watoto wa kike. Aliinuka, akamwachia mwenzake nafasi, akanishika mkono tukarudi nyumbani. Uani kwetu alichimba mashimo ardhini kwa kijiko cha bibi yako, safu nne za mashimo manane manane. Tukaokota changarawe 64. Akaanza kunifundisha.

Alinifundisha kupanga: sita ndani ya nyumba, lile shimo maalumu la safu ya mbele, mbili na mbili pembeni yake, 22 mkononi. Akanifundisha kunamua, yaani kutia kete za mkononi, kula, kutakata, yaani kucheza bila kula, kipi ni kichwa, shimo la mwisho la safu ya mbele, na kipi ni kimbi, hilo na lile linalofuata. Nilichelewa sana kuelewa nyumba. Kete yako ya mwisho ikiangukia kwenye nyumba yako, una hiari. Unaweza kulala hapo, au unaweza kuibeba yote isafiri. Nyumba iliyosafiri inakula sana, lakini ikishasafiri hairudi tena kuwa nyumba, inakuwa shimo kama mashimo mengine. Mimi kwa pupa ya mtoto niliisafirisha kila mara. Yeye aliyeishi safarini alikuwa mgumu kuliko watu wote Ujiji katika kuiachia nyumba yake. Watu walimcheka kwa hilo. Nami nikiwa nimechuchumaa uani pale nilimuuliza, "Mbona wewe mwenyewe unasafiri?" Hakunijibu. Lakini tangu siku ile, kila aliporudi, alasiri ya kwanza ilikuwa yangu na mashimo yangu ya udongo, na barazani alikwenda kesho yake. Alilishika hilo hadi nilipoolewa. Wazee wenzake walijua na hawakumngoja siku hiyo.

Baadaye walimkabidhi kijiwe akiongoze, na hapo ndipo utakapoelewa kwa nini bao halitoki.

Barazani kwingi anayeshinda anakaa, anayeshindwa ananyanyuka. Mwisho wake mabingwa wanne watano wanacheza maisha yao yote, wengine wanabaki watazamaji. Baba aligeuza. Ukishinda mara mbili mfululizo unainuka wewe, aliyeshindwa anabaki apambane na mwingine. Wakongwe walinuna, mmoja akaacha kuja kwa miezi. Baba alimtembelea kwake kila Ijumaa baada ya sala bila kulitaja suala la bao hata mara moja, mpaka akarudi mwenyewe. Wale vijana waliokuwa wanapigwa kila siku ndio mabingwa wa sasa.

Akaweka na kopo. Kila anayekaa kucheza anatia sarafu, yoyote aliyonayo, na hakuna anayeangalia umetia nini. Kahawa na kashata vililipiwa humo, na mwanachama akifiwa, au mtoto wake akikosa daftari, kopo linafunguliwa. Mwanangu, sanda ya babu yako ilitoka kwenye kopo lile. Nilikuwa nimeshatuma mtu dukani, wazee wakaja wameishika mkononi imekunjwa, wakaniambia, "Hii ni yetu, mama, usitunyang'anye." Ningewezaje baada ya hapo kuwafuata kudai bao?

Kuna jambo la mwaka 1997 wasemaji hawakuligusa, na nadhani ni kwa kuwa baba hakupenda kulisimulia hadharani. Unajua Kigoma ilivyopokea watu kutoka ng'ambo wakati wa vita. Mmoja wao, mtu wa Uvira, alizoea kuja kijiweni. Alicheza kwa kanuni za kwao na wakawa wanabishana bila mwisho, hadi baba akaamua: mchezo mmoja kwa kanuni zetu, mwingine kwa kanuni zake. Wengine walilalamika kwamba mgeni anawapotezea muda. Baba akasema mgeni asipocheza kwa kanuni zake hata mara moja kwa siku, atasahau kwao.

Mobutu alipoanguka, Liemba ilipewa kazi ya kuwarudisha watu, safari 22 kati ya Kigoma na Uvira katika miezi mitano, zaidi ya watu 75,000. Baba alikuwa kwenye injini. Katika mojawapo ya safari zile alipanda juu kuvuta hewa akamkuta yule bwana amekaa sitahani na mkewe, watoto wamelala juu ya godoro. Baba akaomba chaki, akachora mashimo sakafuni, wakakusanya punje za mahindi. Wakacheza kwa zamu zote mbili, kanuni za kule na kanuni za huku. Taa za Uvira zikaonekana mchezo haujaisha, na kila mtu akaenda kwenye lake, mmoja kwenye mizigo, mwingine kwenye injini. Mwaka uliofuata baba alistaafu. Miaka mingi baadaye, boti ikitoka Uvira, alituma kijana Kibirizi akaulize habari za yule bwana. Alisema ana deni la mchezo.

Huyo mzee asiyeona uliyemjua wewe, presha ya macho ndiyo iliyomchukua, jicho moja kisha la pili. Sote tulidhani bao limeisha. Alikaa nyumbani wiki mbili tatu hasemi. Ndipo vijana wakaja kumchukua, wakamkalisha mahali pake, na tangu siku hiyo kila anayecheza naye alitaja mchezo wake kwa sauti: "Natia ya pili kutoka kichwa cha kulia, nakula nne." Yeye akipitisha kiganja juu ya mashimo bila kuzivuruga kete, anajua kila shimo lina ngapi. Hakuna aliyemdanganya. Nimewahi kusimama upenuni na sinia la kahawa nikawasikiliza, mtaa mzima kimya, sauti moja ya kijana inataja, kisha kete zinalia kwenye mti wa mninga, kisha baba anacheka. Wewe ulipokuja likizo ulimkuta nyumbani asubuhi, wakati amechoka. Ulikuwa unaondoka na wenzako kabla ya alasiri. Sikulaumu, ulikuwa mtoto. Ila ungelimwona alasiri.

Basi wazee walikuja siku ya arobaini na mbili, wamevaa kanzu kama wanaokuja kuposa. Wakasema bao ni mali ya marehemu, ni juu yetu wenye nyumba, lakini wao wana ombi. Bibi yako hakuwaacha wamalize. Aliingia ndani akalitoa mwenyewe, limefungwa kwenye kanga yake, akawapa. Kanga hajaidai.

Wewe nimekuwekea kanzu yake ya rangi ya maziwa, ile aliyoivaa Idi, na ule mswaki wa waya aliosafishia injini. Vimo kabatini kwangu.

Kuna kazi moja nakupa. Siku ya msiba, katika msongamano wa watoto, kete moja ilipotea. Zimebaki 63, na pale barazani wamejazia kokoto ya ziwani, wanacheza hivyo hivyo. Kete zile ni komwe hasa, baba aliagizia pwani, zikaja kwa treni. Wewe uko Mtwara, huko komwe zinaota vichakani karibu na bahari. Ukija Desemba, niletee moja. Chagua ya kijivu, isiyo na ufa, halafu uipeleke mwenyewe barazani, alasiri.

Mama yako